Salamu ya Duka la Udi

Mkoba wa kazi nimeurudisha, na kitambulisho, na ule mwavuli wenye jina la ofisi ambao haukuwahi kumkinga mtu mvua. Mswaki sikuurudisha. Ule ni wangu, niliununua mwenyewe, na wengi wenu mmeuona kwenye mfuko wa pembeni mkadhani mama huyu ni msafi kupita kiasi. Sasa nimestaafu, niko kwetu Takaungu, asubuhi sina pa kukimbilia, na nyinyi mliobaki ofisini mmenisumbua mno mkitaka niwaandikie ya kazi kabla sijayasahau. Haya, nawaandikia. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote viwili vilikuwa vidogo na havikunichosha kuvibeba.

Nilipoanza, ofisi yetu ya Malindi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Asubuhi ubani wao ulipanda ngazi kabla yetu. Kazi, kama nilivyoelezwa, ilikuwa kuwasaidia wageni waliohamia pwani hii na biashara zao ndogo, watumie simu na kompyuta. Sikuelewa kwa nini wageni tu. Mkubwa wangu, Bwana Charo, Mgiriama wa Adu, alinieleza siku ile ile ya kwanza tukinywa chai ya rangi. "Wewe Saumu ukifungua duka Takaungu, watu watanunua kwa sababu walimjua nyanya yako," alisema. "Mgeni hapa nyanya yake hajulikani. Sasa atajulikana kwa nini? Hiyo ndiyo kazi yetu." Nimeisoma miongozo mingi baadaye, mingine ina picha za rangi, na hakuna ulioieleza kazi hii vizuri kuliko yeye na chai yake.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Mwende, Mkamba aliyeuza mboga mtaa wa Muyeye. Simu yake ilikuwa haishiki chaji. Nami, kwa kiherehere cha mtu mpya, nikaidaka mkononi mwake nikaanza kubonyeza huku na huku. Bwana Charo akakohoa.

"Saumu, mikono nyuma."

Nilidhani amekasirika. Kumbe ndiyo ilikuwa sheria yake, na ndiyo niliyowatesa nayo nyinyi baadaye: simu ya mtu huishiki. Unakaa kando yake, mikono nyuma kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya maalimu, unamwelekeza kwa mdomo, yeye anabonyeza. "Ukimbonyezea leo," aliniambia tukirudi, "kesho atakuja umbonyezee tena, na kesho kutwa utakuwa mtumishi wake." Mwanzoni ni mateso. Unamwona mtu anatafuta herufi moja mpaka roho inakutoka, na mikono yako iko mgongoni inafinyana yenyewe.

Mswaki nao ulitokea siku ile. Bwana Charo alitoa wake mfukoni, akampa Mama Mwende, akamwambia asugue taratibu kile kitundu cha chaji. Ukatoka uchafu wa ajabu, udongo umechanganyika na majani ya sukuma. Simu ikashika chaji pale pale. Mama Mwende akapiga vigelegele kama amejifungua pacha. Tangu hapo sikuondoka nyumbani bila mswaki. Wauza samaki, kitundu kinajaa magamba. Wauza mahamri, kinajaa unga. Walio karibu na ufuo, mchanga. Nimefufua simu nyingi kwa mswaki kuliko kwa elimu yangu yote, na hili msilicheke, litawafaa.

Miaka ikaenda. Zile simu za kubofya, mulika mwizi, zikapungua, zikaja za kugusa, na wateja wakaja na vituko vipya. Kule Kilifi tulikuwa na fundi cherehani wa Kikongo, kijana mtanashati, hodari wa suti. Nilimfundisha kupiga picha za kazi yake na kuzitangaza. Hakuwa na sanamu la kuvisha, basi akazivaa mwenyewe, suti baada ya suti, amesimama ukutani mkono mmoja kiunoni. Baada ya wiki akanipigia kwa huzuni. Suti haijanunuliwa hata moja, alisema, lakini kina mama watatu wameuliza kama ameoa. Tulimtafutia sanamu.

Lakini niliyetaka kuwasimulia hasa ni Rukia.

Rukia alikuwa Mbajuni wa visiwa vya kaskazini. Alishuka Malindi na mumewe, Lali, fundi wa vitanda na milango, wakakaa Muyeye katika nyumba aliyoiacha baba yake Lali. Nyumba ilikuwa ya watoto wote wa mzee, ila mwenye kauli alikuwa dada yao mkubwa, Bi. Mwanaesha, aliyebaki kwao kisiwani, Faza. Kwa idhini yake, Rukia alikifanya chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, kuwa duka la udi. Alipika udi wa sukari mwenyewe, kwa mawardi na miski na vitu vingine ambavyo hakutaka kunitajia hata tulipozoeana. Siku ya kwanza alipokuja darasani kwetu ofisini, wauza mboga wote walirudi nyumbani wananukia kama bibi harusi. Mume wangu aliniuliza nimetoka wapi.

"Mwalimu," Rukia aliniambia siku ile, "mimi nafundishwa kuuza kwa picha, na picha haina harufu."

Bwana Charo akaangalia dari. Rukia ndiye aliyejitatulia. Kwao, mnunuzi wa udi hapewi udi siku ile ile. Hufukiziwa leso yake kwenye chetezo, akaenda nayo nyumbani, akalala nayo. Asubuhi ikinukia bado, ndipo arudi kununua. Basi Rukia akachana kitambaa cheupe vipande vipande, akavifukiza, akavikunja kwenye nailoni, na kila aliyemwandikia kutoka Mombasa au Lamu alitumiwa kipande kwa basi. "Alale nacho," alikuwa akisema. "Asubuhi kitamwambia mwenyewe." Mimi mchango wangu ulikuwa kumfundisha tu kupokea ujumbe, na kazi yote ya kuuza ilifanywa na kitambaa.

Wateja walipozidi, nikamwonyesha ile salamu ya programu ya ujumbe ya wafanyabiashara, ile ambayo simu inajibu yenyewe mwenye duka akiwa na shughuli. Nyinyi mnaijua vyema. Alikuwa na simu ya duka, namba mpya, watu wa kwao wengi walikuwa hawajawahi kuiandikia kwa kuwa wao humpigia Lali. Siku hiyo Lali alikuwa amemfuata. Alikaa mlangoni mwa ofisi, mguu mmoja ndani mmoja nje, vumbi la mbao limemtanda kwenye nyusi.

"Andika, 'Karibu dukani,'" nikamwambia Rukia.

"Karibu dukani!" Lali akadakia kule mlangoni. "Hiyo ni salamu au ni kibao cha hospitali?"

"Haya, sema wewe mwenye ulimi," Rukia akamwambia bila kugeuka.

Lali akafuta nyusi, akajiweka sawa, akaanza kusema polepole, na Rukia akaandika kwa kidole kimoja, mimi mikono nyuma. Ikatoka hivi: *Ahlan wa sahlan, mpenzi. Ujumbe wako umenifurahisha mno. Udi wa bibi harusi umeiva leo, na miski ipo. Pita ndani, vua viatu, miguu nayo ina haki yake.*

"Bwana Lali," nikasema, "mtu yuko Mombasa na simu yake. Atavuaje viatu?"

"Mwalimu, mimi nimemkaribisha. Kuvua ni juu yake." Akacheka peke yake, halafu akanieleza. Baba yao alimwambia hivyo kila mgeni aliyekanyaga mlango wake, awe jamaa, awe mkusanya kodi. Miguu nayo ina haki yake. "Nyumba ni yake, na maneno yabaki yake," Lali alisema.

Nikawaeleza salamu inavyofanya kazi. Haiendi kila mara. Humwendea anayeandika kwa mara ya kwanza, au aliyekaa kimya wiki mbili akaandika tena. Inakwenda yenyewe, mradi simu iwe na chaji na mtandao.

"Hata nikiwa nimelala?" Lali akauliza. "Nakaribisha watu nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

"Basi hii kazi nzuri," akasema, na Rukia akamrushia leso aache maneno.

Lali alifariki mwaka uliofuata. Asubuhi alikuwa akipiga randa ubao wa mlango, akakaa chini kupumzika, hakuinuka. Alizikwa siku ile ile kabla ya magharibi, kama ada yetu. Mimi nilikuwa Adu kwa wageni waliolima korosho na ufuta, mahali ambapo mtandao ulitaka upande juu ya kichuguu na uombe dua, kwa hiyo habari sikuipata mpaka niliporudi Malindi siku kadhaa baadaye. Niliambiwa na yule mama wa duka la vitambaa pale chini, nikiwa nimeshika mfuko wa mihogo. Niliketi palepale kwenye ngazi nikalia. Kisha nikatoa simu nikamwandikia Rukia kwenye namba ya duka, ambayo sikuwa nimeiandikia kwa zaidi ya mwezi: *Pole sana dada yangu. Mungu amrehemu Lali.*

Sekunde haikupita. *Ahlan wa sahlan, mpenzi. Ujumbe wako umenifurahisha mno.*

Sikujifikiria mimi, mimi najua mashine. Niliwafikiria wengine. Watu wa visiwani, wasioweza kufika mazikoni, ambao simu ya Lali hawana tena wa kuipokea, wangeandikia namba gani? Hiyo hiyo. Na wote kwa mara ya kwanza. Mihogo niliiacha kwenye ngazi nikakimbilia Muyeye.

Nilikuta wanawake wamekaa mikekani chumba cha kati, misahafu imefunikwa, chai inapoa. Rukia alikuwa pembeni, ameanza eda, nguo isiyo na rangi, hana pambo wala harufu. Mlango wa kuingilia dukani, ulio nyuma yake tu, ulikuwa umefungwa na chini umezibwa kwa kanga, maana mwenye eda hanusi manukato, na chumba kile kilikuwa manukato matupu. Upande wa pili, kwenye kiti kimoja tu kilichokuwepo, alikaa mama mnene mwenye miguu iliyovimba, miwani inaning'inia shingoni. Alikuwa amewasili asubuhi ile kutoka Faza. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Shikamoo, Bi. Mwanaesha."

"Marahaba. Wewe ndiwe mwalimu wa simu?"

"Ndimi."

"Kaa. Usikie ulichokifundisha." Akaanza kwa sauti ya chini, lakini haikukaa chini. "Ndugu yangu udongo wa kaburi haujakauka. Miguu yangu imekataa, siwezi kuja kumzika, namwandikia mkewe salamu za msiba, naandika nalia. Ananijibu nimemfurahisha! Mno! Ananiita mpenzi! Halafu sijui udi wa bibi harusi. Harusi ya nani? Yake?"

Mikekani hapakuwa na aliyeinua uso. Mama Mwende, ambaye sasa alikuwa jirani wa Rukia na alikuja kila siku kupika, alikuwa anatazama kikombe chake.

"Na si mimi peke yangu," Bi. Mwanaesha akaendelea. "Ami yetu kajibiwa hivyo hivyo. Binamu zangu wa Mombasa hivyo hivyo. Faza nzima inasema mke wa Lali anauza udi juu ya jeneza. Basi nami nimekuja kusema mbele yenu wote. Eda yake ataimaliza hapa, ni haki yake, simnyimi. Ikiisha arudi kwao. Nyumba ya baba yangu hakai mtu aliyefurahia kifo cha ndugu yangu."

Nikamtazama Rukia nikitarajia atasema. Alikuwa ameinama. Nikasogea mpaka karibu naye nikamnong'oneza, "Mbona humwambii maneno yale yalitoka wapi?"

"Nimwambie nini, mwalimu?" Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Nikisema ni maneno ya Lali, watasema namsingizia maiti. Hayupo wa kunikubalia."

"Simu iko wapi?"

"Dukani, kwenye chaji. Sijaigusa tangu siku ile. Sikujua inajibu watu mpaka wifi alipofika."

Kumbe siku zote hizo, wao wakisoma hitima huku, ukuta mmoja tu upande wa pili simu ilikuwa ikiwakaribisha waombolezaji na kuwauzia miski. Mashine haina adabu na haina ubaya. Inafanya uliloituma.

Nikaomba ruhusa kwa Bi. Mwanaesha niingie dukani. Akanipungia mkono tu. Rukia akajifunika pua kwa pembe ya leso, nikatoa ile kanga, nikafungua. Harufu ikatoka yote kwa pamoja, na nikawasikia wanawake nyuma yangu wakivuta pumzi bila kutaka. Simu ilikuwa rafuni inawaka. Niliichomoa, nikaibeba juu ya sahani ya chetezo kama nabeba kikombe cha chai, maana simu ya mtu siishiki, nikarudi nikafunga mlango. Nikaiweka katikati ya mkeka, mbele ya wote.

"Mikono nyuma," nikasema. "Sote. Na wewe Rukia."

Walinishangaa, lakini wakaweka. Hata Bi. Mwanaesha aliweka mkono mmoja, mwingine ulikuwa na tasbihi.

"Yupo humu ambaye hajawahi kuiandikia simu hii hata mara moja?"

"Mimi," akasema Mama Mwende. "Mimi nikimtaka namwita dirishani."

"Mwandikie. Andika jambo baya."

"Baya kama gani?"

"Lolote. Tusi."

Mama Mwende, Mungu amjaalie, hana matusi. Alifikiria sana, akatoa simu yake, akaandika, na mimi nikamwambia alisome kwa sauti kabla ya kulituma. Akasoma, "Nyanya zako zimeoza." Akatuma.

Ile simu pale mkekani, haijaguswa na mtu, ikawaka. Simu ya Mama Mwende ikalia. Akasoma kwa sauti yake ya sokoni, "Ahlan wa sahlan, mpenzi. Ujumbe wako umenifurahisha mno."

Kisha mmoja kule nyuma akatoa sauti ya puani, akajifunika buibui. Mwingine akainama kabisa. Nyumba ya matanga, jamani, na kicheko kinatafuta pa kutokea. Mimi mwenyewe niliuma mdomo mpaka ukauma kweli.

Bi. Mwanaesha hakucheka. "Haya," akasema. "Nimeona. Inajibu yenyewe, hata nyanya mbovu zinaifurahisha. Lakini maneno yale hayakuota. Mtu aliyaandika. Nani?"

"Bi. Mwanaesha, wewe uliyasoma mpaka wapi?"

"Mpaka kufurahishwa, na udi wa bibi harusi. Yalinitosha. Niliitupa simu kitandani."

"Soma mpaka mwisho."

Alinikazia macho. Nilidhani atanifukuza. Lakini akainua miwani, akaomba simu ya Mama Mwende, akaiweka mbali kidogo na uso kama wasomavyo watu wazima, akaanza kusoma neno moja moja. Ahlan wa sahlan. Mpenzi. Alipopita pale alipoishia mwanzo, sauti ilipungua. "Pita ndani," akasoma. "Vua viatu. Miguu nayo..."

Akaishusha simu. Sehemu iliyobaki aliisema bila kutazama, akiangalia ile miguu yake iliyovimba.

"...ina haki yake." Akageukia kwangu. "Nani kaifundisha simu maneno ya baba yangu?"

"Lali," nikasema. "Mimi nilikuwepo. Alikaa mlangoni mwa ofisi yangu, vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema neno kwa neno, Rukia akaandika. Salamu yote ni yake. Nilimkatalia hilo la viatu, akakataa kulitoa. Akasema nyumba ni ya baba na maneno yabaki ya baba."

Alilia, na hakulia kistaarabu. Alilia kwa sauti, mkono umefumba tasbihi, na Rukia, ambaye wanawake waliniambia baadaye kuwa hakuwa ametoa chozi tangu maziko, akaanza naye. Akatambaa mkekani mpaka kwenye kile kiti, na Bi. Mwanaesha akamvuta kichwa mapajani.

"Mbona hukuniambia, wifi yangu? Mbona uliniacha nikutukane?"

"Nilichelea kumsingizia."

"Mie ndimi niliyekusingizia."

Walipotulia, Rukia akajifuta uso akachukua simu ya duka. "Naifuta sasa hivi, wifi. Isimuudhi mtu mwingine."

"Usifute!" Bi. Mwanaesha akamdaka mkono. "Ngoja. Nataka nikaribishwe tena. Ile ya kwanza niliipokea kwa matusi." Akatafuta simu yake mwenyewe kwenye mkoba, akaandika neno moja, nililiona: *Lali*. Akatuma. Tukangoja. Simu mkekani ikawaka, ikazima. Kwake hakukuja kitu.

Akanitazama, na ule uso sijausahau. Mtu mzima amegonga mlango na hakuitikiwa.

Nikamweleza taratibu. Salamu humwendea anayeandika mara ya kwanza, au aliyenyamaza wiki mbili. Wewe, Bi. Mwanaesha, mara ya kwanza umeshaitumia. Imebaki kunyamaza.

"Wiki mbili?" akasema. "Mimi? Ninyamaze wiki mbili?"

"Hilo, dada," akasema yule wa nyuma mwenye buibui, "hata Faza hawataliamini." Na hapo ndipo kicheko kilipotoka, chote kilichokuwa kimezuiliwa, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Bi. Mwanaesha mwenyewe, machozi bado yanatiririka.

Salamu haikufutwa. Kuna kuzima na kuna kufuta, na wengi hawajui tofauti. Rukia aliizima kwa mkono wake, mimi nikimwelekeza kwa mdomo, ikalala humo humo simuni mpaka eda iishe. Bi. Mwanaesha aliwapigia simu wote waliojibiwa, mmoja mmoja, akawaeleza kwa urefu ambao nina hakika waliujutia. Na kuhusu nyumba, alisema mbele ya wale wale aliowaambia la kwanza. "Chumba cha mbele ni chako, Rukia, eda ikiisha na baada yake. Nani mwingine aliyebaki ajuaye kukaribisha watu kama baba?"

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililobadilisha kazi yangu. Tangu siku ile sikumfundisha mtu kuwasha kitu kabla sijamfundisha kukizima. Na nilimtaka kila mwenye duka amchague mtu wa pili nyumbani, mke, mume, dada, ajue simu ilipo na swichi ilipo, siku mwenyewe akishikwa na jambo. Kwenye ripoti nililiandika kwa mstari mmoja. Bwana Charo aliusoma, akatikisa kichwa, akasema mstari ule umebeba mzigo mkubwa. Alistaafu kabla yangu, sasa yuko Adu na minazi yake, na akija mjini bado anatembea mikono nyuma.

Rukia hajaondoka Muyeye. Duka lipo, vipande vya kitambaa bado vinasafiri kwa basi, na aliolewa tena miaka kadhaa baadaye na mtu mpole anayeogopa simu. Siku eda ilipoisha aliiwasha ile salamu, na wa kwanza kuandika alikuwa Bi. Mwanaesha. Kwa wiki mbili alikuwa hajaandika hata herufi. Aliandika, *Hodi*. Lali akamkaribisha.

Akaizoea. Mambo mengine yote na Rukia huyasema kwa kumpigia, bei, wagonjwa, harusi za watu, lakini kuandika haandiki. Anahesabu. Wiki mbili zikitimia, anaandika neno lile moja, Hodi, anaambiwa apite ndani avue viatu, na anavua, ameniapia kwamba anavua kweli. Ni miaka sasa.

Juma lililopita alinipigia hapa Takaungu. Nilikuwa nakuna nazi. Sauti yake imekuwa nyembamba lakini maneno hayajapungua.

"Saumu, nimeharibu."

"Nini tena, Bi. Mwanaesha?"

"Mkono umeniponyoka. Jana nimemwandikia Rukia kumuuliza kama mwanawe kapona homa. Nimemwandikia kule kule! Na leo ndiyo ilikuwa siku yangu."

"Lo, pole."

"Nimekaa na viatu vyangu hapa kama mjinga."

"Si kitu," nikamwambia. "Anza tena kunyamaza."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Naanza," akasema. "Lali hana haraka."